Namna ya kumjibu kwa utulivu mtu mwenye hofu ya Waislamu wenye itikadi kali

Saa nne na nusu usiku shangazi yangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Sauti ilikuwa chini, kama mtu anayeogopa kusikika chumba cha pili. Wanaume watatu wenye ndevu na kanzu walikuwa wamehamia nyumba ya mbele, na mchana huohuo alikuwa ametumiwa video ya watu wenye bunduki wakipiga takbira, yaani "Allahu akbar". "Mwanangu, wametufikia," alisema.

Nilimjibu kwa meseji kumi na moja. Takwimu, viungo vya habari, maelezo ya tofauti ya Uislamu na ugaidi. Aliandika "Asante" na wiki mbili zilizofuata hakunipigia. Karibu kila nilichoandika kilikuwa sahihi, lakini hofu yake ilibaki palepale, na sasa alikuwa nayo peke yake.

Tangu hapo nimerudia mazungumzo ya aina hii mara nyingi: na yeye, na wenzangu kazini, hata na abiria aliyekaa karibu nami kwenye basi. Utaratibu ninaoufuata sasa ni huu. Hutahitaji hatua zote kila mara. Ila mbili za kwanza usiziruke.

Hatua ya 1: Piga simu, uliza, kisha nyamaza

Meseji haina sauti, na mwenye hofu huisoma kwa sauti ya hofu yake. Piga simu au kaa naye. Maswali ni mawili tu: "Umeona nini?" na "Unaogopa kitatokea nini?"

Majibu ya maswali hayo mara nyingi hayafanani, na jibu la pili ndilo la kushughulikia. Nilipomuuliza shangazi swali la pili, wale wanaume watatu hakuwataja kabisa. Binti yake alikuwa anaanza chuo, na yeye alikuwa hajasahau asubuhi ya tarehe 2 Aprili 2015, Al-Shabaab walipoingia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Mimi nilikuwa nimepoteza usiku mzima nikimtetea jirani ambaye wala hakuwa ameshtakiwa.

Akiwa anaongea, usimkatize hata akisema jambo la kukukera. Akisema "hawa watu wote ni wamoja", iache ipite kwanza. Utairudia. Ukimrukia hapo, atakachokumbuka ni kwamba ulimwita mbaguzi siku aliyokuja kwako akiwa na hofu.

Hatua ya 2: Kubali lililo kweli, kwa maneno yaliyo wazi

Kumwambia mtu "hakuna kitu, unajisumbua bure" ni kumdanganya, naye anajua. Tarehe 7 Agosti 1998 Al-Qaeda walilipua balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam siku moja, wakaua zaidi ya watu 200. Tarehe 11 Septemba 2001 waliua karibu watu 3,000 nchini Marekani. Jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lilishambuliwa na Al-Shabaab Septemba 2013. Boko Haram waliteka wasichana 276 wa shule ya Chibok, Nigeria, Aprili 2014. Ni matukio ya kweli, na waliofanya walisema wanafanya kwa jina la dini. Anza hapo: "Ndiyo, haya yametokea, na mimi pia yaliniumiza."

Kuna sentensi moja ambayo watu wema huikimbilia mapema mno: "Hao si Waislamu." Naielewa nia yake. Lakini mwenye hofu amewasikia wale watu wakisoma aya, kwa hiyo anaona unamficha jambo. Isitoshe, kumtoa mtu kwenye dini kwa neno moja ndiyo silaha ya makundi haya yenyewe. Huwakufurisha Waislamu wenzao, yaani huwatangaza kuwa makafiri, kisha hujihalalishia damu yao. Sema linaloweza kuthibitishwa. Septemba 2014 wanazuoni wa Kiislamu zaidi ya 120 kutoka nchi mbalimbali walitia saini barua ya wazi kwa Abu Bakr al-Baghdadi, kiongozi wa Daesh, kundi linalojiita Dola la Kiislamu (ISIS), wakimpinga hoja kwa hoja kutoka ndani ya Kurani na Hadithi. Hiyo ina uzito zaidi, kwa sababu inaonesha Waislamu wenyewe wakiwakana kwa elimu ya dini yao.

Hatua ya 3: Ipe hofu jina, mahali na ukubwa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Neno "wao" ndilo linalotisha. Mwenye hofu akisema "wao", muulize taratibu: akina nani? Al-Shabaab? Daesh? Boko Haram? Au mama mwenye nikabu aliyemwona sokoni? Kila kundi lina jina, eneo na historia yake. Al-Shabaab, neno ambalo maana yake ni "vijana", lilitokana na vita vya Somalia na lilijiunga rasmi na Al-Qaeda mwaka 2012. Daesh na Al-Qaeda walitengana mwaka 2014 na wamekuwa wakiuana, hata ndani ya Somalia. Nchini Afghanistan, Taliban wanapigana na tawi la Daesh. Picha ya jeshi moja kubwa lenye amri moja, linalosubiri siku ya kutoka, haina ukweli.

Kisha msaidie kutenganisha mambo manne yanayochanganywa kila siku. La kwanza ni Mwislamu wa kawaida, na hao duniani ni karibu bilioni mbili, nchi inayoongoza ikiwa Indonesia. La pili ni mtu mkali wa ibada: hafugi mbwa, hasikilizi muziki, hampi mkono mwanamke asiye ndugu yake wa karibu (maharimu). Huenda msimamo wake ukakukwaza, lakini wengi wa aina hii wanachotaka ni kuachwa wasali, na baadhi yao ndio wapinzani wakubwa wa wenye silaha kwa sababu wanawaona wamezua mambo kwenye dini. La tatu ni siasa: vyama na viongozi wanaotaka sheria za nchi zifuate Uislamu. Hao unaweza kuwapinga kwa kura na kwa hoja, kama unavyompinga mwanasiasa yeyote. La nne ndilo kundi lenye silaha. Mwambie hofu yake ni ya la nne, na kwamba ndevu na kanzu haziwezi kumwonesha nani yuko huko.

Mtu anaweza kuuliza kama la pili halizai la nne. Wakati mwingine mtu hupita hapo, ndiyo. Lakini wengine huchukuliwa kutoka mitaani bila hata kujua kusali vizuri, wakiahidiwa mshahara, ndoa, kisasi au heshima. Ukiwakazia macho wacha Mungu tu, hutamwona anayeondoka kwa ahadi ya kazi nje ya nchi.

Hatua ya 4: Muoneshe wanaouawa ni akina nani

Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya waliouawa na makundi haya ni Waislamu. Tarehe 14 Oktoba 2017 lori lililojaa milipuko liliua zaidi ya watu 500 mjini Mogadishu. Wiki sita baadaye, Ijumaa ya tarehe 24 Novemba, watu wenye silaha waliuvamia msikiti wa al-Rawda, karibu na mji wa Bir al-Abed huko Sinai, Misri, wakati wa sala na kuua zaidi ya 300. Novemba 2014, msikiti mkuu wa Kano, Nigeria, ulishambuliwa vivyo hivyo, pia siku ya Ijumaa.

Kama una nafasi ya kusimulia jambo moja tu, simulia la basi la Mandera, mji wa kaskazini mashariki mwa Kenya. Novemba 2014 Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na mji huo, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, wakasimamisha basi jingine katika eneo hilohilo. Kila aliyekuwa ndani alijua kilichotokea mara ya kwanza. Wanawake wa Kiislamu wakawapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Wapiganaji walipoamuru watu watengane, Waislamu walikataa: waueni wote au waacheni wote. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi siku hiyo na akafariki Januari 2016. Nilipomsimulia shangazi hili kwenye simu, alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama mwalimu yule alikuwa na watoto.

Usilitumie simulizi hili kama kofi la kumfunga mtu mdomo. Lisimulie, kisha liache.

Hatua ya 5: Kagueni ujumbe pamoja

Usimwambie "hiyo ni feki" ukiwa mbali. Kaa naye na simu mkononi. Video ya shangazi tuliisimamisha kwenye sekunde ya kumi na mbili, ambapo gari linapita nyuma ya wapiganaji. Namba za gari zilikuwa za Kiarabu na nyuma yake palikuwa na ghorofa zilizobomolewa kwa makombora. Tukachukua picha ya skrini, tukaitafuta kwenye mtandao kwa picha badala ya maneno, ikatokea ileile kwenye habari za zamani za vita vya Syria. Aliitafuta mwenyewe kwa kidole chake, na hilo lilifanya kazi ambayo meseji zangu kumi na moja hazikuifanya.

Mfundishe kutazama vitu vichache: mabango na lugha yake, namba za magari, tarehe, na kama kuna chombo cha habari chenye mwandishi kwenye eneo hilo kilichoandika jambo lilelile. Ujumbe wenye alama ya kusambazwa mara nyingi, usio na tarehe na unaomalizia kwa "tuma kwa watu wote unaowapenda", usubiri siku nzima kabla ya kuupeleka popote.

Mpe mifano ya jinsi haraka ilivyoumiza watu. Julai 2011, baada ya mlipuko wa Oslo na mauaji ya kisiwa cha Utøya, wachambuzi kadhaa walianza kunyoosha kidole kwa Waislamu. Muuaji wa watu wale 77 alikuwa Anders Breivik, Mnorwei anayewachukia Waislamu. Julai 2024, baada ya wasichana watatu kuuawa kwa kisu mjini Southport, Uingereza, jina la uongo lilienezwa kwamba muuaji ni Mwislamu aliyekuja kuomba hifadhi. Aliyeshtakiwa alikuwa kijana aliyezaliwa Cardiff. Polisi walisema siku ileile kwamba amezaliwa Cardiff, lakini uongo uliendelea kuenea, na kesho yake msikiti wa mji ukashambuliwa kwa mawe.

Kama mtu unayeongea naye anashika dini, mkumbushe kutoka huko. Kitabu cha Kutoka sura ya 20 kinakataza kumshuhudia jirani uongo. Kurani 49:6 inawaamuru waumini wanapoletewa habari na mtu asiyeaminika waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta.

Hatua ya 6: Fungua maneno yanayotisha

Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati hapa, maana maneno mengi ya aina hii tunayo mdomoni kila siku. Jihadi ina mzizi mmoja na juhudi na jitihada. Sharia na sheria ni neno lilelile. Mweleze kwamba katika mafundisho ya Kiislamu jihadi inaanzia kupambana na nafsi yako hadi vita, na kwamba vita vyenyewe vina masharti. Usidai kwamba haihusu vita kamwe, kwa sababu atafungua kitabu chochote cha historia na kukukuta umemdanganya. "Allahu akbar", yaani Mungu ni mkubwa, husemwa katika adhana na katika kila sala, makumi ya mara kwa siku. Bibi anayepona ugonjwa hulisema. Gaidi naye hulisema.

Aya ya Kurani inayorushwa zaidi ni ya tano ya sura ya tisa, inayoamuru kuuawa kwa washirikina, yaani wanaoabudu miungu mingine pamoja na Mungu. Usibishane kwa kurushiana aya. Fungueni ukurasa na msome kuanzia mwanzo wa sura. Aya ya nne inawatoa wale waliotimiza mkataba wao. Aya ya sita inasema mshirikina akiomba ulinzi alindwe, asikie neno la Mungu, kisha afikishwe mahali pa amani. Sura ya pili aya ya 190 inaruhusu kupigana na wanaokupiga na inakataza kuvuka mipaka. Wanaoua hukata aya ya tano na kuiacha ya nne na ya sita. Ukataji huo ni wa zamani: mwaka 661 Khalifa Ali, mkwe wa Mtume, aliuawa katika mji uitwao Kufa, Iraq ya leo, na mtu wa Makhawariji, kundi lililojiona ndilo pekee linalofuata hukumu ya Mungu. Mpaka leo wanazuoni wengi huwafananisha Daesh na watu hao.

Hatua ya 7: Usikwepe maswali magumu

Atauliza kuhusu wasichana wa Afghanistan. Jibu moja kwa moja: Taliban wamewafungia wasichana shule za sekondari tangu 2021, na vyuo vikuu tangu Desemba 2022, na ni dhuluma. Ongeza lililo kweli pia, kwamba Sheikh Mkuu wa Al-Azhar, taasisi maarufu ya elimu ya Kiislamu mjini Cairo, Ahmed al-Tayeb, alitamka hadharani kwamba marufuku ile ya vyuo inapingana na sharia. Ataweza kuuliza kuhusu nchi zenye adhabu kwa anayetoka kwenye Uislamu. Zipo. Mtu ana haki ya kuipinga sheria kama hiyo, na hata kutokubaliana na Uislamu wenyewe, bila kumchukia jirani. Mwambie hivyo wazi. Watu wengi hukaza misimamo yao kwa sababu wanadhani utulivu unaoutaka ni wa kuwanyamazisha.

Hatua ya 8: Umgeuzie hofu kuwa jambo dogo la kufanya

Kuhusu chuo cha binti, tulikaa tukaandika maswali ya kuuliza uongozi: walinzi wangapi usiku, milango ya dharura iko wapi, wanafunzi wanaarifiwa vipi. Kuhusu majirani, nilimwomba jambo moja tu, awasalimie. Alichukua siku nne. Leo anamjua mmoja kwa jina, anajua kwamba mwingine ana kifafa, na wa tatu bado hapendi anavyoegesha pikipiki. Hawajawa marafiki, na sioni ulazima wowote. Kuwajua hivyo kunatosha mtu kulala.

Hatua ya 9: Mpe dalili za kweli, za kuangalia

Mwenye hofu huangalia kitu kisicho sahihi. Kuanza kusali, kufuga ndevu au kuvaa hijabu si dalili. Dalili za kumfanya mtu ashtuke ni nyingine: kijana kuwakata ghafla wazazi na marafiki wa siku zote, kuwaita Waislamu wenzake makafiri, kushangilia mauaji, kuficha safari, kugawa vitu vyake kama anayeaga, kuwa na rafiki mpya asiyeonekana anayemwahidi kazi au mchumba mbali. Dalili moja peke yake huenda ikawa ujana tu, au msongo wa mawazo. Zikiungana kadhaa, wa kwanza wa kuongea naye ni mtu anayempenda: mama, kaka, mwalimu wa madrasa anayemheshimu. Ongea mapema, bila kumtukana na bila kumtisha. Ukisikia mpango wa kudhuru watu au wa kuondoka kesho, hapo ni polisi, saa hiyohiyo.

Kama wewe ndiye Mwislamu unayeulizwa

Huna deni la kuwaombea radhi watu ambao hukuwatuma. Mtu akikuuliza kwa nia njema, jibu kadiri ya nguvu zako za siku hiyo. Ukichoka, sema umechoka. Rafiki asiye Mwislamu aliye mezani ndiye anayepaswa kuibeba zamu hiyo, na kama ni wewe unayesoma hapa, ibebe kabla hajaombwa.

Mahali pa kusimamisha mazungumzo

Haya yote ni kwa mtu mwenye hofu. Akibadilika, akaanza kutaja nyumba fulani, duka fulani, msikiti fulani, na kusema "tuwaoneshe", mazungumzo yenu ya hofu yamekwisha. Tarehe 15 Septemba 2001 huko Mesa, Arizona, Balbir Singh Sodhi alipigwa risasi nje ya kituo chake cha mafuta na mtu aliyetaka kulipiza kisasi cha siku nne nyuma. Alikuwa Kalasinga, si Mwislamu; muuaji aliona kilemba na ndevu tu. Tarehe 15 Machi 2019 mtu mmoja aliua watu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, baada ya kuandika kurasa nyingi kuhusu "uvamizi". Ukisikia maneno ya aina hiyo, usibaki kumpoza. Hifadhi ujumbe wake, waarifu wenye nyumba au msikiti aliowataja, na uwapelekee polisi siku hiyohiyo, hata kama ni ndugu yako.